Altezza Kuukuu na Mfuko Mdogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Gereji Kwetu Mwanakwerekwe, Unguja

Vijana wengi wanaokuja kwetu kutafuta nguvu huja na gari moja: Toyota Altezza. Gari hili lilitoka Japani Oktoba 1998, likachukua tuzo ya Gari Bora la Mwaka huko kwao kwa msimu wa 1998–1999, na likaacha kuundwa mwaka 2005. Hata lile changa kabisa limeshaingia utu uzima. Ninalipenda, na ndiyo maana naandika majibu haya kwa urefu. Wenye Mark II na Chaser pia watakuta mengi yao humu.

Nina pesa kidogo. Nianze na nini ili gari liongezeke nguvu?

Anza kwa kurudisha nguvu iliyopotea. Hiyo ndiyo nguvu ya bei rahisi kuliko zote, kwa sababu kiwandani ilishalipiwa.

Kaskazi moja aliniletea gari kijana wa Fuoni, AS200, ile Altezza ya silinda sita, ya rangi ya fedha. Ameshafunga mofla kubwa, ameshaweka airklina ya koni, na bado bajaji inamkimbia akipandisha mwinuko. "Ami, gari haivuti, nataka turbo." Nikamwambia, "Mwanangu, zima kwanza, fungua boneti." Waya wa negativu unaounganisha injini na bodi ulikuwa umeota unga wa kijani kama sufuria ya shaba iliyosahauliwa uani. Niliposhika kichwa chake, nyuzi nusu zilibaki mkononi. Tukatoa plagi: pengo linalotakiwa kuwa kama milimita 1.1 lilikuwa limekula hadi 1.6, na mbili kati ya sita zilikuwa zimelowa petroli. Airklina ya ndani ya koni ilikuwa nyeusi. Sensa ya hewa, kile kiwaya chembamba kinachopima upepo unaoingia, ilikuwa imepakwa mafuta yaliyotoka kwenye airklina hiyo hiyo.

Tulibadilisha waya, plagi sita na airklina, tukaisafisha sensa kwa dawa yake ya kupuliza, tukasafisha na koo la hewa, pale hewa inapoingilia injini. Kazi ya asubuhi moja. Alipotoka kwenda kuijaribu barabara ya Tunguu alirudi kimya, akakaa juu ya tairi, akaniuliza, "Ndiyo ilikuwa hivi tangu mwanzo?" Ndiyo, ilikuwa hivi. Injini ya 1G-FE ilitoka kiwandani na nguvu ya farasi 160. Yeye alikuwa anatembelea labda mia na kitu.

Nitajuaje kama injini yangu bado nzima, inafaa kuongezewa chochote?

Pima kompresheni kabla hujanunua hata boliti. Injini iwe ya moto, plagi zote zitolewe, petroli na umeme wa plagi vikatwe, mguu ukanyage mafuta hadi chini, kisha mtu apige stata. Andika namba ya kila silinda. Namba kubwa inapendeza, lakini kinachonihusu zaidi ni zote kulingana. Silinda moja ikipungua zaidi ya asilimia 10 hadi 15 kwa wenzake, pana ugonjwa. Mimina kijiko cha oili kwenye silinda hiyo, upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Ikikaa pale pale, tazama valvu au gasketi ya hedi.

Kipimo hiki wengi hawakipendi kwa sababu kinaweza kuleta habari mbaya. Bora uipate leo gereji kuliko usiku njia ya Paje.

Na ukiona taa ya injini inawaka, usikimbilie kununua kile kidude cha kusomea kwa simu. Altezza iliundwa kwa soko la Japani, na vidude vingi vya bei ndogo haviongei nayo. Kuna njia ya zamani: kwenye ile soketi chini ya usukani, unganisha tundu namba 4 na namba 13 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, kisha hesabu taa inavyopepesa. Hesabu vizuri tundu zako. Ukikosea unaweza kuunguza kitu.

AS200 au RS200, ipi ninunue?

RS200 ina injini ya 3S-GE, silinda nne, cc 1,998. Yenye gia za mkono ilitolewa na farasi 210, ya otomatiki 200. AS200 ni ile 1G-FE ya silinda sita, cc 1,988. Kwenye karatasi RS inashinda, na mimi mwenyewe moyo wangu uko huko: injini inayopenda kuzungushwa, nguvu yake yote iko juu, karibu na mizunguko 7,600 kwa dakika. Lakini hiyo pia ndiyo shida yake. Kama gari ni la kupeleka watoto skuli Kiembe Samaki na kurudi, hizo 7,600 hutazifika kwa halali hata siku moja, na spea zake ni ngumu kupatikana kuliko za 1G, ambayo imefungwa kwenye Mark II zilizojaa kila mtaa.

Mwenye mfuko mdogo achukue AS nzima, aiache RS iliyochoka.

Airklina ya koni inaongeza nguvu kweli?

Inaongeza sauti. Nguvu inategemea hewa inatoka wapi. Injini inataka hewa ya baridi kwa sababu ndiyo nzito, yenye oksijeni nyingi kwa kila lita. Chukua hewa ya nje nyuzi 30, ilinganishe na hewa iliyopikwa chini ya boneti nyuzi 60: ile ya moto ni nyepesi kwa karibu asilimia 9. Koni iliyokaa wazi juu ya injini kwenye foleni ya Darajani inanyonya hewa hiyo ya moto. Umelipa pesa, umepoteza farasi kumi na zaidi.

Boksi la kiwandani linavuta hewa mbele, pembeni ya taa. Liache. Weka airklina mpya ya karatasi ndani yake, hakikisha mpira wa kupitishia hewa haujapasuka, basi. Kama ni lazima uweke koni, iwekee ukuta wa bati wa kuitenga na joto la injini na uiletee bomba la hewa ya nje.

Na mofla?

Bomba kubwa kupita kiasi kwenye injini isiyo na turbo linaua mvuto wa chini, kwa sababu moshi unapoa na kupunguza mwendo. Kwa cc 2,000, inchi mbili na robo hadi mbili na nusu inatosha kabisa.

Kinachoiba nguvu zaidi ni katalisti iliyoziba, kile kisafisha moshi chenye masega ndani. Baada ya miaka ya injini kula oili, masega huyeyuka au huziba. Dalili yake: ukienda taratibu gari liko sawa, ila ukikanyaga linakuwa kama limefungwa kamba nyuma. Funga geji ya vakyumu, shikilia injini kwenye mizunguko 2,500. Sindano ikianza kushuka pole pole, moshi hauna pa kutokea. Badilisha. Wapo wanaoikata na kuacha bomba tupu, na wapo wanaonunua masega hayo kwao. Mimi sifanyi. Mitaa yetu ni myembamba na moshi ule tunauvuta sisi na wazee wetu waliokaa barazani.

Turbo kwenye 3S-GE yangu, inawezekana?

Kuwezekana, inawezekana. Kwa mfuko mdogo, hapana. Injini ile inagandamiza mara 11.5 kwa moja. Tayari iko karibu na mpaka wake. Ukiisukumia hewa ya ziada bila pistoni nyingine, bila nozeli kubwa na bila kontroli boksi (kompyuta ya injini) inayopangika, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati na pistoni inapasuka. Kama unataka turbo, nenda swali linalofuata.

Basi nibadilishe injini. Ipi?

Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu.

Watu wengi wanatamani 1JZ-GTE, silinda sita, cc 2,491, turbo moja kwa zile za kuanzia 1996, farasi 280 kwenye karatasi. Ni injini ngumu. Na Altezza inaikubali vizuri, kwani Toyota wenyewe waliweka ndugu yake, 2JZ-GE ya cc 3,000, ndani ya Altezza Gita AS300. Chumba cha injini kinatosha na nafasi imeshapimwa na wenyewe.

Lakini bei ya injini ni nusu ya safari tu. Giaboksi ya gia sita ya Altezza, J160, haipendi nguvu ya turbo. Meno yake yatasagika. Utahitaji giaboksi ya R154 au otomatiki iliyokuja na injini yenyewe. Propela shafti itakatwa na kusawazishwa. Rejeta kubwa zaidi. Pampu ya mafuta. Wayaringi, na hapa ndipo miradi mingi inapofia: nimeona Altezza tatu zimekaa uani miaka, nyasi zimeota kwenye bampa, kwa sababu fundi wa nyaya alikata kila kitu kisha akahama. Breki za AS200 hazitoshi kwa farasi 280, hilo halina mjadala.

Ninavyogawa mimi: katika kila shilingi kumi za mradi wa injini, nne ziende kwenye injini na giaboksi, mbili kwenye upoaji na mafuta, mbili kwenye breki na matairi, moja kwenye nyaya, moja ikae akiba. Ukiona huna hiyo akiba, mradi bado haujafika wakati wake.

Njia ya kati ambayo watu hawaitaki kwa sababu haina sifa: kama 1G yako imechoka, tafuta 1G nyingine nzima ya toleo lile lile. Inaingia siku mbili, haigusi waya hata mmoja, na keshokutwa uko barabarani.

Nitanunuaje injini ya mtumba bila kuibiwa?

Mimi nimeibiwa. Nilitumiwa video kutoka kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam, injini inanguruma vizuri juu ya pareti, nikatuma pesa, ikavuka na boti. Ilipofika bandarini Malindi, hapa Unguja, nikaikagua kwa macho tu, nikaridhika. Tukaifunga. Siku ya tatu ikanoki. Tulipofungua sampu, bakuli la oili chini ya injini, kulikuwa na ute mweusi mzito kama lami, na ndani ya ute ule vipande vya beringi vinang'aa kama magamba ya dagaa. Muuzaji akaniuliza, "Video si uliitazama mwenyewe?" Pesa ya mteja nililipa mimi.

Tangu siku ile sheria yangu ni hii: injini haitoki gerejini kwa muuzaji mpaka sampu imefunguliwa mbele yangu au mbele ya mtu wangu. Fungua pia kifuniko cha oili, tazama chini yake. Rangi ya asali ni sawa, kahawia iliyokolea fikiria mara mbili, nyeusi yenye gundi ondoka. Zungusha kranki kwa spana mizunguko miwili kamili. Ikikwama popote, iache. Pima kompresheni kama kuna stata. Safari ya boti kwenda Kariakoo na Gerezani kufanya haya ni rahisi kuliko injini moja mbovu. Andikianeni karatasi.

Kuna kitu cha kuchomeka kwenye soketi kinaongeza nguvu. Kinafanya kazi?

Hakifanyi. Ndani mna taa na kasakiti kadogo, basi. Na kontroli boksi ya Altezza haiandikwi upya kirahisi kama za magari ya siku hizi; kuibadilisha ramani kunahitaji boksi jingine la pembeni na fundi wa kulipanga akiwa na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli. Kwa injini isiyo na turbo, faida haitarudisha gharama.

Nikipunguza uzito je?

Hili ni bure, na watu hawalifanyi. AS200 ina kama kilo 1,350. Gawa kwa farasi 160: kila farasi anabeba kilo nane na kitu. Toa kilo 60, ni kama umeongeza farasi saba. Fungua buti: boksi la spika, jeki mbili, ringi ya zamani, madumu. Usitoe tairi la akiba ukienda shamba, usitoe viti, usiguse mikanda wala mito ya hewa.

Na ringi za inchi 18 za kromu ni uzito uliokaa mahali pabaya zaidi, kwa sababu injini inabidi iuzungushe na breki iusimamishe. RS200 ilitoka na 17. Ikitosha kwa Toyota, inatosha kwa barabara ya Bububu.

Niweke mafuta gani?

3S-GE ilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani. Ikipata ya chini, sensa ya kugonga inasikia na kontroli boksi inachelewesha cheche za plagi kuilinda injini, na nguvu inapungua bila wewe kuambiwa. Ukipanda mlima ukasikia mlio kama njugu zinazotikiswa ndani ya kopo, achia mguu hapo hapo.

1G-FE haina makuu. Badilisha filta ya petroli, na usiache tangi likakaa na robo tu ya petroli kwa wiki nzima, maana kisiwa hiki kina unyevu na maji hujikusanya.

Kwa nini gari langu linachemsha kila nikilikimbiza?

Uliliwekea maji gani? Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji ya visima vyetu yana chokaa, na karibu na pwani yana chumvi. Yaweke kwenye injini miaka miwili, kisha fungua rejeta: mirija imeota ukoko mweupe kama birika la chai. Injini yenye ukoko haipoi, na ukiiongezea nguvu unaiongezea joto. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji ya betri, yale yaliyosafishwa, si asidi. Badilisha mfuniko wa rejeta, kitu kidogo kinachosahauliwa. Usitoe thermostati. Najua mafundi wengi huitoa na kusema "sisi nchi ya joto", lakini injini isiyofika joto lake inachoma petroli nyingi na inajila yenyewe.

Na belti ya taimingi: kila kilomita 100,000. Kama hujui ilibadilishwa lini, hesabu kwamba haijabadilishwa. Badilisha na pampu ya maji pamoja, kwani kufungua ni kule kule. Wenye VVT-i, ule mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa valvu kufunguka, safisheni pia kile kichujio kidogo cha oili cha valvu yake. Kikiziba, injini inakuwa nzito na unaweza kuilaumu plagi bure.

Breki na matairi nifanye mwisho?

Mwanzo. Gari likiweza kwenda, liweze na kusimama.

Tairi lina namba nne ubavuni zinazosema wiki na mwaka wa kuundwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya mtumba yanayong'aa yanaweza kuwa na miaka kumi. Mpira umekauka, siku ya mvua ya masika, lami ikichanganyika na mchanga, hushiki kitu. Ninapoombwa nifunge injini kubwa kwenye gari lenye matairi ya namna hiyo nakataa kazi, na wapo walionikasirikia kwa hilo. Nimebeba jeneza la kijana wa mtaa wetu. Sitaki kubeba jingine ambalo nilishiriki.

Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewani. Hapa kwetu, badilisha kila miaka miwili hata kama yanaonekana safi. Kagua na mabomba ya chuma yanayopita chini ya bodi. Kutu ya chumvi huanzia pale yanaposhikwa na klipu.

Kutu naizuiaje?

Osha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila ukitoka ufukweni, na siku ile ile likishuka kwenye meli. Pakaa grisi kwenye vichwa vya waya za negativu. Kagua pembe za bodi zinazoshika shokapu. Ukibonyeza kwa bisibisi ikaingia, usitafute nguvu, tafuta mchomeleaji mzuri.

Nijaribie wapi mwendo?

Unguja hatuna kiwanja cha mbio za magari. Barabara zote tulizonazo zina watu: watoto wanaotoka madrasa, wenye baskeli zisizo na taa, ng'ombe wanaorudi, daladala inayosimama popote. Siwezi kukuonyesha mahali, kwa sababu hapapo. Pima kazi ya fundi kwa mvuto wa gia ya pili na ya tatu, ndani ya mwendo unaoruhusiwa. Injini nzima utaijua hapo hapo.

Nikibadilisha injini, kadi ya gari inahusika?

Inahusika. Namba ya injini imeandikwa. Peleka risiti ya injini ofisi ya usajili, gari likaguliwe, kadi ibadilishwe, kisha waambie na watu wa bima. Ukipata ajali na namba hazilingani, watakuwa na sababu ya kukukatalia.

Niko Wete, Pemba, fundi wa kazi hizi simpati. Nifanyeje?

Nyingi ya kazi nilizozitaja mwanzo unaweza kuzifanya mwenyewe uani: plagi, airklina, kusafisha sensa ya hewa na koo, waya za negativu, kulanti, mafuta ya breki ukiwa na mtu wa kukanyaga pedeli. Nunua geji ya kompresheni na kipimo cha umeme. Ukipima kutoka negativu ya betri hadi kwenye injini huku mtu anapiga stata, usione zaidi ya volti 0.2 hivi, ikizidi, waya umekufa hata kama kwa nje unaonekana mzima. Spea agiza kwa namba ya chesisi, si kwa kusema "Altezza ya fedha", maana kila toleo lina tofauti yake.

Milima ya Pemba itakuambia ukweli wa gari lako kuliko mashine yoyote: panda na gia ya tatu, usikilize. Ila msimu wa karafuu nenda pole. Mikeka iko kando ya lami, na wanaogeuza karafuu wameinama, wamekupa mgongo.